Usiponde Kila Yai la Kiwavijeshi: Namna ya Kuwapata na Kuwaachia Nyigu Weusi wa Mayai

"Mwalimu, mayai yote nimeshayaponda. Sasa hao nyigu wako nitawatoa wapi?"

Kila masika naulizwa hivyo hapa Msambweni, pwani ya Kenya, na kila mara jibu linaniuma kulitoa: ulikuwa nao vidoleni. Walikuwa ndani ya mayai hayo hayo uliyoyaponda.

Kiwavijeshi vamizi, yule mtoto wa nondo anayekula mahindi yetu, aliingia Afrika bila hodi mwaka 2016 akitokea Amerika, na kufikia 2017 alikuwa ameshatufikia Kenya na Tanzania. Tulifundishwa kukagua shamba, kuponda mayai na kupulizia dawa. Kuponda si vibaya, maana hakugharimu hata shilingi. Ubaya ni kuponda kabla ya kujua ndani ya yai mna nani. Baadhi ya mafungu ya mayai unayoyakuta kwenye jani hayana viwavi tena. Nyigu mdogo mweusi amekwisha kuyadunga, na watoto wake wanakula kilichomo. Fungu la namna hiyo ukiliponda, umeua walinzi mia moja au zaidi waliokuwa karibu kutoka na kuingia kazini shambani mwako.

Nyigu mwenyewe anaitwa Telenomus remus. Ni wa jamaa ya Scelionidae, jamaa kubwa isiyojulikana na watu wengi, kwa sababu wadudu wake ni wadogo mno na utoto wao wote hupita ndani ya yai la mdudu mwingine au la buibui. Huyu wetu ana urefu wa nusu milimita hivi, sawa na chembe ya chumvi. Alipewa jina lake mwaka 1937 kutokana na vielelezo vya Malaysia. Watafiti walipoyachunguza mayai ya kiwavijeshi barani Afrika walimkuta tayari yupo Benin, Ivory Coast, Niger, Kenya na Afrika Kusini, na taarifa hiyo ikachapishwa 2019. Yumo shambani anafanya kazi, ila sisi hatujamtambua.

Mwongozo huu ni wa kukufundisha kumtambua, kumtoa salama kwenye mayai na kumrudisha shambani. Hauhitaji maabara.

Maswali ya haraka kabla hatujaanza

Watatuuma? Hapana. Jike ana mwiba wa kutagia, lakini ni mwembamba na mfupi kiasi kwamba hauwezi kupenya ngozi ya mtu. Wakitembea mkononi mwako hutasikia chochote.

Watageukia mahindi wakimaliza viwavi? Hawawezi. Nyigu mkubwa hunywa utamu wa maua na hana meno ya kutafuna jani. Mtoto wake hula yai la nondo peke yake.

Watajenga kiota darini? Hapana, hawana kiota kabisa. Neno "nyigu" linawatisha watu bure.

Ni lazima ninunue? Si lazima. Anza na walioko shambani kwako.

Vitu vya kuandaa

- Vichupa vidogo vinavyoona ndani, kumi hadi ishirini. Vichupa vya kioo vya dawa vilivyooshwa vizuri vinafaa. Mimi hupenda mabomba mapya ya sindano ya mililita 10 kutoka duka la dawa: toa kisukumio, ziba tundu dogo kwa pamba, na mdomo mpana kwa pamba pia.
- Pamba kavu ya dukani.
- Vipande vya leso kuukuu iliyofumwa kwa kubana, na mipira ya kufungia, kama utatumia chupa zenye mdomo mkubwa.
- Mkasi, brashi laini ya kuchorea, penseli, karatasi na daftari.
- Lenzi ya mkono inayokuza mara kumi. Ukiikosa, kamera ya simu ikivutwa karibu itakusaidia, ingawa kwa shida.
- Asali kidogo sana.
- Grisi au mafuta mazito ya kuzuia sisimizi.
- Spiriti nyeupe ya duka la dawa, ya asilimia 70, kama unataka kuhifadhi vielelezo.

Neno moja kuhusu chandarua, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa siku ya kwanza. Usifunikie chandarua cha mbu. Matundu yake yanatosha kumzuia mbu, lakini ni makubwa mara mbili ya nyigu huyu. Nyigu watatoka wote, na viwavi wachanga nao watapenya. Asubuhi utakuta chupa tupu na utadhani mayai yalikuwa mabovu.

Hatua kwa hatua

1. Tafuta mayai mapema, mahindi yakiwa bado machanga. Anza wiki ya pili baada ya mahindi kuota na uendelee hadi yatakapokaribia kutoa mbelewele. Nenda asubuhi, jua likiwa bado chini. Usipite pembeni tu mwa shamba. Pita kwa mwendo wa kupindapinda, simama sehemu tano, na kila sehemu kagua miche kumi. Geuza majani uangalie upande wa chini, hasa yale ya chini karibu na bua. Mahindi yakikua, angalia na upande wa juu wa majani ya juu.

Unachotafuta ni fungu la mayai 100 hadi 200 lililobandikwa kwenye jani, dogo kuliko ukucha wa kidole gumba, likiwa limefunikwa manyoya ya kijivu kama ukungu wa mkate. Manyoya hayo nondo huyatoa tumboni mwake. Mayai mapya huwa na rangi ya maziwa inayoelekea kijani.

Usiyachanganye na mayai ya wengine. Ya ladibagi, yule mdudu mviringo mwekundu mwenye madoa, ni ya njano na yamesimama wima kama risasi zilizopangwa. Mayai yaliyoning'inia kila moja kwenye uzi wake ni ya mdudu rafiki mwenye mabawa ya kijani kama wavu. Yaache yote. Yaliyolaliana bapa kama magamba ya samaki ni ya kiwavi wa bua, adui mwingine mwenye nyigu wake.

2. Kata jani, usikwangue mayai. Ukikwangua kwa ukucha unapasua mayai na kuwaua waliomo. Kata kipande cha jani kinachobeba fungu zima, kisha upunguze kingo hadi jani libaki sentimita moja tu kuzunguka mayai. Jani likizidi huoza na kuleta ukungu.

3. Fungu moja, kichupa kimoja. Najua inachosha. Lakini ukiweka mafungu matano pamoja hutajua lipi lilikuwa na nyigu, na viwavi wa fungu moja watalivamia jingine. Andika kwa penseli kwenye karatasi ndogo: tarehe, mahali, umri wa mahindi. Kalamu ya wino usitumie, wino huyeyuka ukigusana na spiriti.

4. Yabebe kivulini. Usitie vichupa mfukoni, wala kwenye mfuko wa plastiki, wala juu ya bodaboda iliyoegeshwa juani. Dakika chache za jua la saa sita ndani ya plastiki iliyofungwa zinatosha kupika kila kitu. Kikapu kilichofunikwa kitambaa chenye unyevunyevu kinatosha. Barafu haihitajiki.

5. Nyumbani, yaweke pakavu penye hewa na mwanga, lakini pasipopigwa na jua. Dirishani upande usioingiza jua ni pazuri. Ukiona matone ya maji yamejiunda ndani ya kichupa, toa pamba, pangusa, weka pamba mpya kavu. Tone moja la maji kwa nyigu wa nusu milimita ni bwawa, akinasa hatoki.

Weka miguu ya meza ndani ya makopo yenye maji, au pakaa grisi. Sisimizi wakigundua mayai, kazi yako imekwisha usiku huo huo.

6. Kagua kila siku asubuhi na jioni, uandike rangi. Hii ndiyo hatua yenye siri ya kazi nzima, tuitulie.

Kwa joto la pwani, mayai yenye viwavi huanguliwa ndani ya siku mbili au tatu. Kwenye baridi zaidi, kama Taita milimani au Limuru, huenda siku nne au tano. Nyigu wanachukua muda mrefu zaidi: kwenye joto la nyuzi 28 hivi ni takriban siku kumi tangu yai lilipodungwa, na kwenye baridi huvuka wiki mbili. Kwa hiyo huhitaji mashine ya kutenganisha viwavi na nyigu. Siku zenyewe ndizo chujio. Wanaotoka kwanza ni viwavi. Yanayobaki meusi bila kuanguliwa ndiyo yenye nyigu.

Ila kuna mtego. Hata yai la kiwavi huwa jeusi saa chache kabla ya kuanguliwa, kwa sababu kichwa cha kiwavi ni cheusi na kinaonekana kupitia ganda. Litazame kwa lenzi. Yai la kiwavi lina kitone cheusi mahali pamoja na sehemu nyingine ni ya kahawia au inapitisha mwanga. Yai la nyigu huwa jeusi zima au la kijivu kizito, na kesho yake bado ni jeusi, na keshokutwa pia. Ukiwa na shaka, subiri. Usihukumu kwa rangi ya siku moja.

7. Viwavi wakitoka, waondoe siku hiyo hiyo. Viwavi wachanga hula maganda ya mayai yao, na wakishikwa na njaa hawamwachi aliye karibu. Ukiwachelewesha wataharibu mayai meusi uliyokuwa ukiyasubiri. Tega kipande chembamba cha jani bichi la mahindi karibu na mayai, watapanda juu yake, kisha ukitoe pamoja nao. Waliobaki wafagie kwa brashi. Wape kuku, au watie kwenye maji ya sabuni. Usiwatupe uani: hutoa uzi mwembamba na upepo huwabeba.

Viwavi wakitoka kwenye baadhi ya mayai na mengine yakabaki meusi, usikate tamaa na fungu hilo. Ni kawaida. Jike hufika, hudunga anayoyaweza, na mengine humponyoka.

8. Andaa chakula kabla hawajatoka. Chovya ncha ya kijiti cha meno kwenye asali na uchore mstari mwembamba, mwembamba kabisa, ndani ya kichupa upande wa juu. Ukiweka tone zima watanata na kufa wote. Nimeona kazi ya wiki mbili ikiishia kwenye tone moja la asali, na ilikuwa kazi ya watoto wa darasa langu waliokuwa wakihesabu siku. Mstari, si tone.

9. Wakianza kutoka, usiwafungulie papo hapo. Madume hutangulia, mara nyingi kwa siku nzima, na hubaki juu ya mayai wakiwangoja majike. Jike akitoka hupandwa hapo hapo. Kwa nyigu hawa, yai la jike aliyepandwa linaweza kuwa jike au dume, lakini jike asiyepandwa huzaa madume matupu, na madume hayadungi mayai. Ukifungua kichupa siku ya kwanza unamwaga madume shambani na kuwatawanya majike kabla ya wakati. Wape siku moja hadi mbili pamoja, na asali yao.

Utawatambua kwa lenzi hivi: weusi wanaong'aa, vipapasio vimepinda kama kiwiko. Vipapasio vya jike vimenenepa mwishoni kama rungu dogo, vya dume ni kama uzi wa shanga. Ukiona wadogo zaidi, wa njano njano na macho mekundu, hao ni Trichogramma, nyigu wa jamaa nyingine wanaodunga mayai pia. Nao waachie, ni marafiki. Tofauti ni kwamba nondo wa kiwavijeshi hurundika mayai tabaka juu ya tabaka na kuyafunika manyoya, na Trichogramma aghalabu huishia kwenye yale yaliyo wazi juu. Telenomus hujipenyeza hadi ya chini.

10. Waachie jioni au alfajiri, mahali penye mayai mapya. Jua kali huwakausha na upepo mkali huwapeperusha. Ning'iniza kichupa kwa uzi uliopakwa grisi, chini ya jani pana katikati ya mahindi, mdomo ukielekea pembeni, usielekee juu mvua ikaingia. Toa pamba uondoke. Usikitikise, watatoka wenyewe wakifuata mwanga. Kichupa kiache hapo siku tatu, kwa sababu wengine huchelewa.

Usiwaachie kwenye shamba lililopuliziwa dawa ya kuua wadudu hivi karibuni, wala jirani yako akiwa amebeba bomba mgongoni. Zungumza naye kwanza. Mdudu huyu hatambui mpaka wa shamba, na dawa nayo haiutambui.

11. Hesabu, kisha uamue. Andika: mafungu mangapi uliokota, mangapi yalitoa viwavi watupu, mangapi yalitoa nyigu. Tuseme uliokota mafungu kumi, na kati ya hayo kumi, manne yakatoa nyigu. Maana yake shambani mwako kuna walinzi tayari, na ukipulizia dawa leo utawaua pamoja na adui. Hapo mimi husubiri, huokota viwavi kwa mkono, na hutia mchanga au jivu kidogo kwenye moyo wa mhindi ulioingiliwa. Yakitoka sifuri kwa kumi, msimu mzima, basi umejifunza kwamba walinzi hawapo au waliuliwa, na kuponda mayai mabichi ndiyo kazi yako. Vichupa hivi vinakuambia jambo ambalo hakuna mtu wa dukani anaweza kukuambia kuhusu shamba lako.

Sitaki kukudanganya: vichupa kumi haviwezi kuokoa ekari. Kiwavi aliyekwisha kuingia kwenye moyo wa mhindi hawamfikii, wao ni wa mayai tu. Nondo mmoja jike hutaga mayai zaidi ya elfu moja maishani. Unachofanya ni kuacha kuwaua, kuwaongezea, na kuwapa mahali pa kukaa. Pandikiza kunde au choroko kati ya mistari na acha magugu yenye maua pembezoni, wapate utamu wa kunywa.

Ukitaka kuwazidisha

Hatua hii ni ya aliyekwisha kufaulu mara mbili tatu. Okota mafungu mabichi ya siku hiyo hiyo, yale ya kijani kibichi cha maziwa. Yaliyozeeka siku mbili hayawafai, kwa sababu kiwavi ameshajiumba ndani. Yaweke kwenye kichupa chenye nyigu waliokaa pamoja siku moja, yaache humo saa 24, kisha uyahamishie kichupa kipya na uanze kuhesabu upya kutoka hatua ya 6.

Ukiwa na lenzi, kaa uangalie. Jike hulipapasa yai kwa vipapasio, hugeuka, hulidunga, kisha hulikwaruza juu kwa mwiba ule ule kuacha alama kwamba lina mwenyewe. Jike mwingine akifika huisoma alama na mara nyingi hupita. Ndugu wa jamaa hii wana mengi: kule nchi za Mediterania yupo mmoja anayepanda mwilini mwa vunjajungu, akayapoteza mabawa yake na kukaa hapo hadi mwenye mwili atage. Nimewaonyesha watoto wa darasa la sita jinsi huyu wetu anavyoweka alama, na hakuna aliyetaka kwenda mapumziko.

Onyo kubwa: usifuge nondo wa kiwavijeshi nyumbani ili upate mayai. Sanduku likifunguka umemzidisha adui mwenyewe. Taasisi za utafiti zina vyumba vilivyofungwa kwa kazi hiyo. Wala usisafirishe nyigu au mayai kuvuka mpaka wa nchi, hata kama shangazi yako wa Tanga amekuomba. Kuna sheria na vibali. Kwa Kenya ulizia KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea. Shangazi mfundishe mwongozo huu, atafute wa kwake.

Ukitaka kuhifadhi vielelezo

Watie nyigu wachache waliokufa, au waliotoka karibuni, kwenye kichupa cha spiriti nyeupe. Spiriti ya rangi ya zambarau inayouzwa kwa kuwashia moto huwatia doa, usiitumie. Karatasi ya penseli iwe ndani ya kichupa, isibandikwe nje. Kichupa bila tarehe na mahali hakina maana kwa mtaalamu. Kutambua aina kwa hakika ni kazi ya darubini na mtu aliyesomea, kwa hiyo ukiwa na vielelezo vizuri vipeleke kwa afisa wa kilimo, au kituo cha utafiti kama ICIPE kule Kasarani, Nairobi. ICIPE hawa si wageni kwa kazi hii: mwaka 1993 walimwachia nyigu Cotesia flavipes hapa hapa pwani ya Kenya dhidi ya kiwavi wa bua aliyetoka Asia, naye akastakimu.

Mambo yakienda vibaya

*Mayai yamebaki meusi wiki tatu na hakuna kilichotoka.* Pwani, muda huo umepita mno. Mara nyingi yalikauka, au yalipata joto safarini. Pasua moja kwa sindano chini ya lenzi. Ukikuta nyigu aliyekamilika lakini mkavu, hewa ilikuwa kavu mno: safari ijayo weka vichupa ndani ya boksi lenye kikombe cha maji kando, si ndani ya kichupa.

*Ukungu mweupe umefunika jani.* Jani lilikuwa kubwa au kichupa kilitoa jasho. Kata ukingo wa jani, hamishia mayai kichupa kikavu. Ukungu ukiwa umeshagusa mayai yenyewe, litenge fungu hilo na mengine mara moja.

*Nimekuta mayai yenye matundu, yako tupu.* Umechelewa, lakini soma alama. Tundu la duara lenye kingo zilizochakaa kwenye ganda jeusi ni mlango wa nyigu, nao wameshaingia shambani. Maganda meupe yaliyotafunwa, au alama ya fungu bila maganda, ni viwavi. Angalia majani ya karibu kama yana vidirisha vyeupe vya kukwanguliwa.

*Wametoka madume watupu.* Ama umeangalia siku ya kwanza, subiri kesho, ama mama yao hakupandwa. Ikitokea kwa kizazi ulichozidisha mwenyewe, uliwatenganisha mapema mno. Rudi hatua ya 9.

*Nyigu wamekufa siku moja baada ya kutoka.* Tazama kama wamenata kwenye asali. Kama sivyo, nusa kichupa. Kichupa kilichowahi kubeba dawa ya mifugo ya kuua kupe hakifai hata ukikiosha mara kumi. Mkono uliotoka kushika bomba la dawa nao unatosha kuwaua.

*Mayai yote yametoa viwavi, hakuna nyigu hata mmoja.* Okota tena wiki ijayo, na sehemu nyingine ya shamba. Mwanzoni mwa msimu nyigu ni wachache, huongezeka mayai yanapoongezeka. Zingatia pia kwamba ukiokota mayai mabichi kabisa, pengine nyigu alikuwa hajayafikia bado. Kwa hiyo katika kila mafungu matatu ninayoyaona, moja huliacha na kulifunga uzi mwekundu kwenye bua, nikaliokota kesho yake jioni.

*Viwavi wametoka kama kawaida, nikawafuga kidogo kwa kutaka kuona, wakafa wadogo na kikatoka kifuko cha hariri.* Hilo si tatizo. Umempata Chelonus, nyigu mwingine anayedunga yai lakini humwacha kiwavi aanguliwe naye akiwa ndani yake, amle baadaye. Andika tarehe, kihifadhi kifuko kwenye kichupa chake peke yake, na umsubiri atoke.